Matuta ya Kisiwa cha Butler

Aliyewahi kukarabati tuta la jaruba kule Kitere, hapa Mtwara, anajua kwamba kazi ya mpunga huanza kwenye udongo kabla ya mbegu: kuuchimba, kuubeba, kuushindilia, na kuurudia kila mvua inapoubomoa. Nimeifanya kazi hiyo katika majaruba ya shangazi yangu, na ndiyo maana picha za Kisiwa cha Butler, karibu na mji wa Darien katika jimbo la Georgia, Marekani, zimenikaa moyoni.

Kinachopigwa picha zaidi pale ni dohani ya matofali iliyosalia kwenye kinu cha mvuke cha kukobolea mpunga. Kwangu mimi, masalia makuu ni matuta na mifereji iliyonyooka, ambayo watumwa waliichimba kwa mikono katika kinamasi, miguu ikiwa majini, homa ya malaria ikiwaandama.

Mfumo wenyewe ulidai maarifa makubwa. Bahari ilipojaa, ilisukuma maji yasiyo na chumvi ya Mto Altamaha yarudi juu. Hapo milango ya mbao iliyopitishwa ndani ya tuta ilifunguliwa ili maji yaingie shambani, na yalipokupwa, maji ya shamba yaliachiwa yatoke. Aliyekosea wakati aliingiza chumvi, na mpunga ukafa. Wengi wa waliopelekwa kwenye mashamba ya mpunga ya pwani ile walitoka Afrika Magharibi, ambako zao hilo lilikuwa limelimwa kwa karne nyingi, kwa hiyo naona si haki shamba kuitwa kazi ya mwenye shamba.

Mnamo Machi 1859 mmiliki wake, Pierce Mease Butler, akiwa amelemewa na madeni, aliwatangaza watu 436 wa kisiwa hicho na wa shamba lake la pamba kwa mnada uliofanyika karibu na Savannah kwa siku mbili, huku mvua ikinyesha. Wazao wao huuita mnada ule Wakati wa Kulia.

Sisi wa kusini tunaijua biashara hiyo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi wa waliouzwa kwa Wafaransa walipelekwa katika mashamba ya Mauritius na Réunion.

Katika Kisiwa cha Butler mpunga haulimwi tena. Baadhi ya matuta yangali yanazuia maji, na majaruba ya kale hujazwa kwa ajili ya mabata wanaohamia huko majira ya baridi.