Land Rover Discovery 3 yangu: bushi za mbele, na namna ninavyopiga jeki gari lenye springi za hewa

Bushi mpya za mikono ya chini ya mbele, yaani raba zinazokaa pale vyuma vya saspensheni vinavyoshika gurudumu vinapofungwa kwenye chesisi, hatimaye zimefungwa. Za zamani raba zilikuwa zimechanika. Gari likikanyaga tuta linagonga upande wa dereva, na ukishika breki usukani unavuta. Kwa Discovery 3 ni ugonjwa wa kawaida. Gari lina uzito wa takriban tani mbili na nusu, na barabara zetu za mawe hazina huruma. Hata hivyo leo nitaandika zaidi kuhusu jeki kuliko bushi, maana hapo ndipo ninapoona watu wakiingiza vichwa chini ya gari bila kujua gari lenyewe linawaza nini.

Hapa Arusha mafundi wengi wamekulia kwenye Defender za zamani. Defender ile ina springi za chuma: ukiiinua inainuka, ukiiacha inakaa pale pale. Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, nyingi zake zina mfuko wa raba uliojaa hewa kwenye kila gurudumu, kompresa ya kuijaza, na sensa nne zinazoiambia kompyuta kila pembe imekaa juu kiasi gani. Ukilipiga jeki mfumo ukiwa macho, gurudumu linaning'inia na sensa inasoma kwamba pembe ile imepanda kupita kiasi. Kompyuta inafungua vali kumwaga hewa ili gari lishuke. Gari halishuki kwa sababu limebebwa na jeki, basi hewa inaendelea kutoka mpaka mfuko unabaki mtupu. Siku ya kushusha, pembe ile inakwenda kulala juu ya raba za kuzuia, zile zinazopokea gari saspensheni ikishuka hadi mwisho, chini kuliko lilivyokuwa mwanzo, na jeki inabanwa humo humo. Kibaya zaidi ni pale kompyuta inapoamua kushusha na pembe nyingine ili zilingane. Gari linasogea likiwa juu ya jeki, na mkono wa mtu uko ndani ya madigadi.

Kuzima injini peke yake hakutoshi. Gari hili hata likiwa limezimwa huamka lenyewe baada ya muda na kujisawazisha. Ukiwa umekaa karibu utasikia vali zikilia "tss" kwenye gari ambalo hakuna aliyeligusa.

Kijana anayenisaidia aliniuliza, "Kaka, mbona unaanza na milango wakati jeki iko hapa?" Mlango ukiwa wazi, mfumo unasimamisha kupanda na kushuka. Kwa hiyo nilianza kwa kulipandisha gari kwenye kimo cha njia mbaya, injini ikiwa inaunguruma na eneo la kazi likiwa tupu, ili nipate nafasi ya kuingiza jeki. Kisha nikazima, nikatoa ufunguo, nikafungua mlango wa dereva na kuuacha wazi. Mlango lakini unaweza kusukumwa na upepo au na mtoto anayepita, ndiyo maana kwa kazi ya saa nyingi nachomoa pia fyuzi ya saspensheni na kuitia mfukoni mwangu. Kitabu cha gari kinaonesha iko wapi.

Sakafu yangu ni zege. Kwenye udongo ningeweka ubao mnene wa mninga chini ya jeki, na nisingefanya kazi hii kwenye mteremko hata kidogo. Magurudumu ya nyuma yamewekwa kabari mbele na nyuma. Hizo kabari nazitilia mkazo hata zaidi mtu anapoinua nyuma, kwa kuwa breki ya kuegesha ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma tu. Nati za tairi nililegeza gari likiwa bado chini. Jeki ni ile ya magurudumu, na naiweka kwenye chesisi, pale kitabu kinapoelekeza. Siiweki kwenye mkono wa saspensheni wala kwenye mfuko wa hewa. Gari likishafika juu nalishusha taratibu likae kwenye stendi mbili, nalisukuma kwa bega, nikiona halitikisiki ndipo naingia.

Kabla ya kulegeza bolti yoyote ya mkono wa chini nilirudisha fyuzi kwa muda na kumwaga hewa ya pembe mbili za mbele kwa mashine ya kupima gari, ile inayochomekwa kuongea na kompyuta ya gari, kisha fyuzi ikarudi mfukoni. Usifungue mpira wa hewa, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye mfuko, kwa spana ukidhani ni kama wa tairi. Tangi la hewa la mfumo huu hufikia shinikizo la takriban baa 16, wakati tairi lenyewe lina mbili na kitu.

Bolti za mkono wa chini zimekaa kwenye vishikizo vya duara vinavyorekebisha mkao wa gurudumu. Nilichora mstari wa rangi nyeupe kwenye kila kimoja kabla ya kugusa. Moja ilikuwa imeshikana na bushi kwa kutu. Hiyo ilikula mchana mzima na nusu ya chupa ya mafuta ya kulegeza.

Kuna jambo ambalo gereji nyingi wanaliruka. Bushi hizi ni raba iliyogandishwa kwenye chuma, inajipinda mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, raba inabaki imejinyonga muda wote gari likiwa barabarani, na bushi mpya inachanika mapema. Kabla ya kuinua gari, likiwa kwenye kimo cha kawaida, nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi: sentimita 46 na ushee. Baada ya kufunga bushi nikainua kitovu cha gurudumu kwa jeki ya pili mpaka kipimo kile kikarudi, ndipo nikakaza.

Kushusha nako kuna utaratibu wake. Mfuko ukiwa mtupu haubebeshwi uzito, kwani mikunjo ya raba inaweza kujibana vibaya na kupasuka. Nikairudisha fyuzi na kujaza hewa pembe zote mbili kwa mashine gari likiwa bado kwenye stendi, kisha nikatoa stendi na kushusha kidogo kidogo. Jeki ilitoka kabisa, kijana akasogea pembeni, ndipo nikafunga mlango na kuwasha. Nati za tairi nilikaza kwa nyuton mita 140.

Wenye Lexus GX 470 au Prado zenye hewa nyuma wana kitufe cha OFF cha saspensheni. Kitumieni kabla ya jeki. Audi Q7 ina hali maalumu ya jeki kwenye skrini. Kama gari ni la kuazima, fungua kitabu kwanza.

Usukani umetulia na kule kugonga kumekwisha. Bado kuna alaimenti, yaani kupanga mkao wa magurudumu, maana mstari wa rangi ni wa kukufikisha kwenye mashine tu. Kompresa nayo inachukua muda mrefu kuliko zamani kulipandisha gari, kwa hiyo kazi inayofuata ni kupaka maji ya sabuni kwenye viungo vya mipira ya hewa, nikianzia nyuma kushoto.