Malakiti, shaba na kitenge: kazi ya nyumba yetu Lubumbashi

Ukiolewa katika nyumba ya wachonga malakiti, unajifunza mapema kutoanika nguo nyeupe uani. Baba mkwe wangu amelichonga jiwe hilo la kijani hapa Katuba, sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, tangu ujana wake: mayai, tembo, vibao vya sataranji, visahani vya majivu ya sigara. Yote ni mali ya wageni. Ndege ikileta wageni, nyumba inakula nyama. Wageni wakiadimika, tembo wanabaki kwenye rafu wakitazamana.

Mimi nilikuja na mkono wa kufuma shanga, niliojifunza kwa mama yangu. Jicho langu halikwenda kwa tembo, lilikwenda kwenye pipa la mabaki. Kumtoa tembo mmoja ndani ya jiwe ni kutupa vipande vingi, na baadhi ya vile vipande vilikuwa na michirizi mizuri kuliko ya tembo mwenyewe. Nikamwomba baba mkwe ruhusa. Akasema, "Chukua, mwanangu, takataka hizo." Leo takataka hizo tunazigeuza hereni na mapambo mengine, zina daftari lake la hesabu, na mwenye kulikagua ni yeye.

Wanaotaka kuanza kazi kama yetu huniuliza kwanza habari za mashine. Mimi nawauliza watamuuzia nani. Kwa miaka yote ya baba mkwe, mteja alikuwa Mzungu, Mhindi au Mchina mwenye kutafuta kitu cha kupeleka kwao, na huyo hununua mara moja akaenda zake. Mama wa Lubumbashi hununua kila penye sherehe, na hapa kwetu sherehe haziishi: mahari, ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, kutoa matanga. Kila mara familia inachagua kitenge kimoja ili wote wavae sare. Hapo fundi wa nguo anapata kazi, msusi anapata kazi, na mtu wa hereni naye anapata, mradi awepo siku kitenge kinapochaguliwa. Akingoja wiki ya harusi, hela imekwisha.

Wifi yangu anauza vitenge sokoni. Tulimtengenezea ubao wenye kitambaa cheusi, tukapachika sampuli, ukaning'inia ndani ya kibanda chake. Mama akikunjua kitenge, wifi anakisogeza chini ya ubao na kunyamaza. Kikiwa na kijani, au ile rangi ya chungwa inayofanana na shaba, hereni zinajiuza zenyewe. Kikiwa cha bluu au zambarau, tunaweka shaba tupu iliyopigwa nyundo, maana shaba haigombani na rangi yoyote. Malakiti juu ya kitenge chekundu mimi siikubali hata hela ikiwa mezani. Mume wangu anaikubali, na ndiyo sababu oda napokea mimi.

Mavuno yetu ni Machi. Tarehe 8, siku ya wanawake, akina mama wa maofisini, mashuleni, makanisani na vyamani wanatoka na vitenge vya sare, na oda zinaanza kuingia Januari. Tatizo ni kwamba huo ni msimu wa mvua: vanishi inakauka kwa shida, na umeme ukikatika hujui utarudi lini. Kwa hiyo jiwe la Machi tunalikata Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika. Tunavipanga vipande kwa ukubwa ndani ya makopo ya maziwa, kila kopo na karatasi yake. Oda ikija, kinachobaki ni kazi ya waya, na waya haihitaji umeme.

Malakiti tunayonunua inatoka upande wa miji ya migodi ya Likasi, Kambove na Kolwezi, inauzwa kwa kilo. Ni madini ya shaba: ikiwa safi, kama asilimia 57 ya uzito wake ni shaba. Uzito huo unasumbua masikio. Hereni nene ya malakiti mama ataivaa kanisani, kufika kwenye karamu ameshaitia mkobani. Sisi tunaikata bapa, milimita 3 hivi, na nyuma yake tunabandika kibati cha shaba kwa gundi ya sehemu mbili, kwa sababu bapa jembamba hupenda kuvunjika kwa kufuata michirizi yake. Tena jiwe hili ni laini, kati ya 3.5 na 4 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoishia 10, kwa hiyo kisu kinalikwaruza. Pete za malakiti hatutengenezi isipokuwa mtu aking'ang'ania. Mkono unagonga sufuria, bomba, mlango wa teksi, na baada ya muda mfupi pete imepauka na anayelaumiwa ni sisi.

Vumbi lake ni baya. Lina shaba, na mtu akilivuta siku nzima anatema mate ya kijani. Tunakata kwa maji, mtungi ukidondokea kwenye diski ya almasi muda wote, na anayekata anavaa barakoa hata kama anaona jiwe limelowa. Watoto hawakanyagi karibu na mashine, hilo halina mjadala. Maji machafu yanakusanywa kwenye nusu ya pipa, tope linatuama chini, na lile tope haliendi kwenye lengalenga, yaani mchicha, za mama mkwe. Kisha jiwe linasuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule ambao ukiugusa unadhani ni karatasi ya kawaida, na mwisho gurudumu la feltro, kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa, lenye poda ya kung'arishia ya oksidi ya kromi. Hapo ndipo baba mkwe anapokuwa mfalme. Mimi nikimaliza kung'arisha, yeye analigeuzageuza jiwe dirishani, halafu analirudisha kwenye maji bila kusema neno.

Shaba imenifundisha mengi kuliko jiwe. Waya tunanunua kwa mafundi umeme wa majumba, vile vipande vinavyobaki wakimaliza kutandaza. Waya wa milimita za mraba 1.5 una unene wa milimita 1.4 hivi, unatosha kuzungushia jiwe. Ule wa 2.5 unakaribia 1.8, huo ni wa bangili. Ganda tunalichuna kwa kisu. Kulichoma hapana: moshi wake ni sumu, halafu shaba iliyochomwa inanuka wizi. Hapa mjini nyaya zinaibwa, mitaa inabaki gizani, na jioni kijana anaweza kukugongea mlango na mfuko wa shaba nyeusi kwa bei ya kukutamanisha. Baba mkwe amekataza: shaba ambayo hatujui imetoka ukuta gani haiingii uani.

Waya ukiupiga nyundo unakuwa mgumu na ukiendelea unapasuka. Dawa yake ni moto. Upashe hadi uwe mwekundu wa kufifia, uutumbukize kwenye maji, unatoka laini, tayari kupigwa tena. Waliozoea kuona chuma cha pua kikiwa kigumu zaidi kwa njia hiyo hawaamini mpaka waone. Lakini moto wote uishe kabla jiwe halijapachikwa, kwa kuwa malakiti ikipashwa sana inageuka nyeusi. Kwa moto pia wazee wa Katanga, eneo letu hili, wale walioitwa Walaji wa Shaba, waliipata shaba yao: malakiti na makaa ndani ya tanuru la udongo, mivukuto ikipuliza. Walimimina misalaba iliyotumika kama fedha, mingine imekutwa kwenye makaburi ya kale ya Sanga, huko kwenye ziwa Kisale. Misalaba mitatu ya namna hiyo ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, ilipojitenga na Kongo. Sisi tunaifanya midogo, hereni za shaba, na ndiyo bidhaa pekee ambayo wanaume wanatununulia bila kusukumwa na wake zao.

Sasa hela. Palipo na familia na hela huwa pana maneno, na sisi si malaika. Tulichokubaliana ni kwamba kila mkono unalipwa kwa kipande, Jumamosi, kabla hela ya chakula haijaguswa. Mume wangu kwa kila bapa alilokata, mimi kwa kila pea niliyofunga, wifi kwa kila pea aliyouza. Binti yangu mkubwa, anayeweka picha kwenye WhatsApp, analipwa kwa oda iliyokamilika, si kwa picha, maana picha hata mimi ningeweza kupiga mia. Baba mkwe alipoona zile takataka zina bei, alileta mzani. Tukacheka, lakini alikuwa na haki: jiwe alilinunua yeye. Tunamlipa kwa kilo, chini kidogo ya bei ya soko.

Kwa ndugu wa kuomba tulitafuta njia nyingine. Kila mmoja wetu ana pea zake chache za zawadi kwa mwaka. Akipitisha, zinakatwa kwenye malipo yake. Shangazi wa mume wangu alipokuja kuchagua hereni za harusi, akasema, "Mwanangu, hata mimi nilipe?" Nikamjibu, "Hapana, mama, ya kwako iko kwenye hesabu ya mtoto wako." Mume wangu akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukiona mpaka shangazi alipoondoka.

Bei tunaitaja kwa dola, mteja akitaka anatoa faranga kwa kiwango cha siku hiyo. Oda ya sare hatuianzi bila avansi, malipo ya kutangulia, ya nusu. Akina mama wa kanisa letu wamebuni njia yao: wanaweka hereni kwenye likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana kwa zamu, kila mwezi mmoja anachukua seti nzima, mkufu, hereni na bangili, wengine wanamchangia. Mimi napata oda ya uhakika kila mwezi, nao hawanidai wala siwadai.

Ndoano za masikioni hatutengenezi kwa shaba. Shaba ndani ya tundu la sikio, na jasho letu la Oktoba, inaacha kijani, na kuna ngozi zinazowasha. Tunanunua za chuma kisichoshika kutu au za fedha kwa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai. Bangili nazo tunazipaka vanishi nyembamba upande wa ndani, na ikichakaa mteja anairudisha, tunapaka tena bure. Shaba tupu iliyofifia inasafishwa kwa ndimu na chumvi, kila mama anajua. Shida ni kwamba ndimu ni adui wa malakiti: asidi inalila jiwe, mng'ao unakwisha palepale. Mteja wetu mmoja aliosha seti nzima kwa ndimu usiku wa kuamkia ndoa ya mdogo wake. Asubuhi mume wangu alikuwa kwenye mashine kabla ya jogoo, na bahati umeme ulikuwepo. Tangu hapo kila pakiti ina kikaratasi: kitambaa kikavu, basi.

Siku hizi wanaleta shanga za plastiki zenye mistari ya kijani na nyeusi, wanaziita malakiti. Ya kweli ukiishika ni baridi na nzito, na michirizi yake haijirudii. Ya plastiki inapata joto la mkono upesi, na shanga zote zina mistari ileile. Wifi alisisitiza tuziweke na hizo, kwa kuwa kuna wasichana wa shule wanaozipenda na mfuko wao unajulikana. Nikakubali kwa masharti: ziwe kwenye sahani ya peke yake, ziitwe plastiki, na ziuzwe kwa bei ya plastiki.