Miezi miwili na mtoto njiti kifuani

Mimi ni fundi cherehani, Mafinga. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwezi Juni, mimba ikiwa ya wiki 31, akiwa na gramu 1,350. Anayeijua Mufindi anaijua Juni yake: maji ya bomba yanauma vidole, na mafundi tunaota moto kwanza ndipo tushike mkasi. Mke wangu presha ilimpanda, kifafa cha mimba kikamshika, wakamfanyia upasuaji usiku uleule. Alfajiri nikaambiwa mama bado hajazinduka vizuri, mtoto yu hai.

Chumba cha watoto njiti kilikuwa na mashine tatu za joto. Moja ilifunikwa shuka, ikisubiri kipuri. Mbili zilizobaki zilikuwa zimejaa; wangu alilazwa awe wa tatu humo ndani. Saa kumi na mbili kasorobo umeme ukakatika. Jenereta ilikawia. Sista mmoja, peke yake na watoto saba, alinitazama pale mlangoni akasema, "Baba, vua shati."

Nilidhani simsikii vizuri.

"Na singlendi. Nawa mikono, uje ukae hapa."

Alimweka wima katikati ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isijikunje. Alivaa pampasi, kofia na soksi tu. Alikuwa wa baridi, na mwepesi kiasi kwamba nilihofia kuvuta pumzi kwa nguvu. Sista akatufunga kanga, akatupia blanketi juu. Alipompima joto mwanzo alikuwa na 35.4, baada ya saa moja hivi ikasoma 36.6. Umeme ulikuwa umesharudi, lakini hakuna aliyezungumzia tena kumrudisha kwenye mashine.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa kanga. Kanga inashika mwili wenye nyonga. Mimi ni bapa kama meza yangu ya kukatia. Usiku wa pili nilisinzia nikiwa nimeegemea mito, nikashtushwa na sista akimkwangua mtoto unyayo. Alikuwa ameteleza hadi tumboni, shingo imepinda, uso una rangi ya majivu. Akakohoa, akaanza kupumua. Sista alinieleza bila kunikaripia kwamba njiti wakati mwingine husahau kupumua, na shingo ikikunjwa ndiyo mbaya zaidi. Sikulala tena usiku ule.

Asubuhi mama mkwe akafika. Akafungua pazia, akanikuta kifua wazi. Jamani! Yeye akageuza uso ukutani, mimi nikatafuta pa kujificha na mtoto kifuani. Tukasalimiana hivyohivyo, kila mtu akitazama kwake. Kisha akasema, "Nipe mimi nikae naye, baba, nenda kapumzike." Nikamwachia, ila sikupumzika. Nilikwenda kibandani kwangu.

Nilichukua kitambaa cha tisheti, kile kinachovutika. Kifua changu ni inchi 36. Mkanda wa kwanza niliushona wa inchi 34, nikaujaribu na mfuko wa unga wa kilo moja: nikisimama, unga unashuka. Nikapunguza hadi 31, nikaweka tabaka mbili, mshono nikautoa nje usimkwaruze. Ukingo wa juu unafika chini ya sikio lake, wa chini unampita makalio. Sista aliuvuta huku na huku, akaingiza vidole viwili kuona kama mtoto ana nafasi ya kupumua, akasema sawa. Tangu hapo nililala, nusu nimeketi.

Maziwa yalikuwa kazi ya mke wangu. Siku za kwanza alikamua akiwa kitandani, hata kukaa hawezi; yanapitishwa kwa mrija wa puani, mililita saba kila baada ya saa mbili. Wiki ya kwanza mtoto alipungua uzito, na hakuna aliyenionya kwamba hilo ni la kawaida. Baadaye zikaanza kuongezeka gramu 15, gramu 20. Mama yake alipopata nguvu alichukua mchana, usiku ukabaki wangu. Kina mama wa wodini walinung'unika kuhusu mwanamume kulala humo, na walikuwa na haki. Tukahamishiwa kona yenye pazia.

Sista ndiye aliyeniambia njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, ambaye naye alikuwa na watoto wengi kuliko mashine. Nilikuja kusoma mwenyewe kuhusu utafiti uliotolewa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, kwa watoto zaidi ya 3,200 wenye kilo moja hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila mia. Waliosubiri kwanza hali itulie, karibu 16. Hata ndugu waliruhusiwa kumbeba mtoto, mama akiwa hajiwezi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza wasisubirishwe. Mimi nilikuwa nimeona watu wakipiga picha na mashine zinapokabidhiwa. Sijawahi kuona picha ya kiti cha kuegemea, na kile ndicho tulichokosa kuliko vyote. Nililalia mito ya kuazima mgongo ukaniuma mwezi mzima.

Alipofika gramu 1,800 tuliruhusiwa. Nyumbani tukaendelea: jiko la mkaa halikuingia chumbani, wageni waliishia sebuleni, nami nikashona nikiwa naye kifuani siku ambazo hakukuwa na vumbi la pamba. Nilimuuliza sista tuache lini. "Atakuambia mwenyewe," alisema.

Katikati ya Agosti, ana gramu 2,600, usiku alianza kupiga mateke. Nikamweka sawa. Akatoa mkono mmoja juu ya mkanda, kisha wa pili, akalia kwa hasira hadi nikamtoa. Nilimlaza kitandani kati yetu, akatulia papo hapo. Mimi ndiye niliyebaki macho, kifua kinasikia baridi, nikaamka kutafuta sweta.