Usiku wa taa nyekundu, Ishaka

Mama yuko Tanga, na presha ya macho imeshamla jicho la kushoto. Kila akinipigia, swali ni lile lile: "Mwanangu, nimekusomesha mpaka Uganda ukaangalie panya?" Ndiyo, Mama. Naangalia wanavyoona.

Hapa Ishaka hata jirani yangu, mama wa Kikongo, hunisimamisha kibarazani: "Weye bado unafanyaka kazi ya mapanya?" Huniuliza kwa huruma, kwa kuwa natoka watu wakilala. Panya huamka usiku, nasi tunawafuata. Tunawasha taa nyekundu, maana jicho la panya halina seli za kuupokea vizuri mwanga mwekundu. Kwake pale ni kama giza. Lakini yeye huona urujuanimno, mwanga ambao mimi siuoni kabisa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Panya anakaa juu ya kijukwaa, mistari myeusi na myeupe inamzunguka. Akiiona, kichwa huifuata taratibu. Tunaifanya myembamba, myembamba zaidi, mpaka kichwa kitulie. Hapo ndipo uwezo wake umekomea. Mtu mwenye macho mazima huona mistari myembamba kuliko hiyo takriban mara 60.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na panya weupe, na vichwa havikusogea. Wiki tatu nzima nikaandika daftarini kwamba ni wazito wa kujifunza. Mwalimu akasoma, akaniuliza kitu kimoja tu: "Macho yao yana rangi gani?" Mekundu. Walikuwa zeruzeru, hawana melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi na macho, kwa hiyo mwanga unatawanyika ndani ya jicho. Nimewaita wajinga viumbe ambao hawakuiona mistari! Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tukaleta weusi. Wa kwanza aligeuza kichwa papo hapo, nikashika meza.

Ila kugeuza kichwa huko kunaendeshwa na sehemu za chini za ubongo. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, linafanya nini wakati huo, kipimo chetu hakisemi. Kwingine hutumia protini inayong'aa kila kalsiamu inapoingia kwenye seli iliyoamka, wakazitazama seli zikiwaka kwa darubini. Nakitamani chombo hicho kama mtoto anavyotamani baiskeli.

Jumapili Mama alipiga kwa video. Nikamsogezea simu, naye akageuza uso wote, polepole, mpaka akanipata kwa jicho la kulia.