Siku moja maishani mwangu: kubana umeme wa redio hapa Tanga

Saa moja asubuhi. Chai na vitumbua Ngamiani, kisha baiskeli mpaka Chumbageni ninakofanyia kazi. Nasanifu sakiti za transiva, yaani ile sehemu ya simu inayopokea na kurusha mawimbi.

Saa mbili. Simulesheni ya usiku imekwisha, naanza kusoma grafu za amplifaya (sakiti ya kukuza mawimbi) ya kwanza baada ya antena. Hii ndiyo naipa moyo wote, maana fomula ya Harald Friis ya mwaka 1944 haina huruma: kelele, yaani mitetemo ya umeme isiyotakiwa inayofunika mawimbi, ya hatua ya kwanza huingia nzima, ilhali ya hatua zinazofuata hugawanywa kwa ukuzaji wa zilizotangulia. Katika chaneli ya GSM (mtandao wa simu wa kizazi cha pili) yenye upana wa kilohezi 200, kelele ya joto peke yake iko kama desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) 121 chini ya miliwati moja. Sakiti itaongeza yake tu. La kupigania ni iongeze kidogo kwa umeme kidogo.

Wengi wakisikia redio inayonyumbulika, yaani inayojibadilisha kufuata hali, huwaza kuhama masafa: megahezi 900, 1800, 2100. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi. Aliye karibu na mnara mjini hahitaji kipokezi chenye usikivu wa mvuvi aliyeko baharini kuelekea Kigombe. Kwa nini betri zao ziliwe sawa?

Saa nne. Amplifaya nimeigawa vipande sambamba, kila kimoja na swichi yake. Kijana tunayefanya naye kazi anauliza, "Dada, mawimbi yakiwa na nguvu si tuzime karibu vyote?"

Swali zuri, na limetuchukua mpaka adhuhuri. Kwanza, ukizima vipande, impidansi (ukinzani kwa mawimbi) ya kuingilia inahama kutoka omu 50 na mawimbi yanarudishwa kwenye antena. Lazima kapasita (vijenzi vya kuhifadhi chaji) za kuirekebisha nazo zibadilishwe papo hapo. Pili, nguvu ni ya nani? Simu inaweza kuwa chini ya mnara wa kampuni nyingine huku mnara wa kampuni yake uko mbali. Jirani anapiga kelele, unayemtaka ananong'ona. Hapo mkondo mdogo utafanya mawimbi ya majirani yachanganyike ndani ya transista na kuzaa mengine juu ya chaneli yako. Kwa hiyo kidhibiti cha swichi kipime nguvu ya unayemtaka na ya jirani pia kabla hakijazima chochote.

Saa saba, wali na samaki.

Alasiri yote tunaandika masharti ya kidhibiti hicho. Saa kumi na moja napanga simulesheni ya usiku: vipande viwili vimezimwa, jirani ana nguvu, joto nyuzi 85. Nataka kuona usikivu unashuka kwa desibeli ngapi.