Salamu Tatu, Kisha Usogee

Ndugu zangu katika imani, assalamu alaykum.

Wenye kwenda umra hufundishwa tawafu na sa'i hatua kwa hatua, lakini mara nyingi Madina huachiwa mtu ajionee mwenyewe. Hilo limenikaa moyoni wiki hii, kwani asiyefundishwa adabu ya kulizuru kaburi la Mtume (s.a.w.) hufuata msukumano wa watu.

Ukiingia Msikiti wa Mtume (s.a.w.), anza na rakaa mbili za tahiyyatul masjid, yaani za kuuamkia msikiti. Kisha shika njia ya mlango wa Babus Salaam, upande wa magharibi, ufuate ukuta wa kibla mpaka kwenye uzio wa shaba. Uzio una sehemu tatu. Wengi husimama kwenye ya kwanza wakatoa salamu wakidhani wamefika, kumbe makaburi yote matatu, la Mtume (s.a.w.) na ya masahaba wake wawili, yako nyuma ya sehemu ya katikati. Tazama matundu ya mviringo: lile kubwa ni la Mtume (s.a.w.). Lielekee, kibla kikiwa mgongoni, usalimie. Sogea kidogo kulia umsalimie Abubakar (r.a.), kisha sogea tena umsalimie Umar (r.a.).

Abdullah bin Umar akirudi safari alikuwa akifika hapo na kusema: "Assalamu alayka ya Rasulallah, assalamu alayka ya Aba Bakr, assalamu alayka ya abatah," kisha akaondoka. Huyo wa tatu, anayemwita "abatah", ni Umar, baba yake mzazi, aliyechomwa kisu akisalisha Alfajiri. Mtoto ana uchungu wote huo, na bado salamu yake ni sentensi moja! Sisi tunang'ang'ania pale dakika kumi, mkono juu na simu inarekodi, nyuma yetu mzee wa watu anabanwa hapumui. Ewe ndugu, umemgeuzia mgongo Mtume wako ili uso wako uingie kwenye picha?

Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Hujurat: "Msinyanyue sauti zenu juu ya sauti ya Nabii." Umar (r.a.) aliwasikia watu wawili wakipaza sauti msikitini humo, akawauliza wametoka wapi. Wakasema Taif. Akawaambia lau wangekuwa wenyeji wa Madina angewatia adabu. Na hao walikuwa wakizungumza tu! Basi tushushe sauti, simu ikae mfukoni. Uzio haupanguswi wala haubusiwi. Na haja yako, iwe mtoto, deni au maradhi, usimwombe aliye kaburini. Sogea pembeni, elekea kibla, umwombe Mola wako.

Baqii, makaburi yaliyo jirani na msikiti huo, hufunguliwa baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Makaburi yake ni udongo na mawe yasiyo na majina, basi usihangaike kutafuta la nani ni lipi. Wasalimie wote, waombee maghfira.

Adabu hiyo irudi nasi nyumbani. Ukienda Lamu kulizuru kaburi la mwanachuoni Habib Swaleh, au kaburi la sheikh wa mtaani kwenu, unamsalimia na kumwombea dua vivyo hivyo. Lakini tazama unapokanyaga. Ili kumfikia sharifu mmoja tunapita juu ya Waislamu kumi wasiojulikana, na Mtume (s.a.w.) amesema mtu kukalia kaa la moto likamuunguza nguo mpaka ngozini ni bora kuliko kukalia kaburi. Zunguka. Pasipo na njia, simama hapo hapo ulipo, utoe salamu yako.