Tulivyoandaa Tamasha la Muziki Langoni Bila Kuugombanisha Mtaa

Nilizaliwa Langoni, mjini Lamu, na tangu utoto nimezoea kwamba muziki wa kwetu haukosi mwenyewe. Vugo, ngoma ya akina mama ya kupiga pembe, lina bibi harusi; kirumbizi, mchezo wa fimbo, kina sikukuu zake; na matari yana Maulidi. Waliokosa mahali ni vijana wa siku hizi, wale wanne au watano wenye gitaa, kinanda na nyimbo walizozitunga wao wenyewe, ambao hufanya mazoezi katika chumba kimoja wakiwa wameziba dirisha kwa godoro ili jirani asilalamike. Hawana kampuni inayowasimamia. Hurekodi wimbo mmoja mmoja kwa pesa zao, kisha wakatumiana kwa simu, na mara nyingi majirani zao ndio wa mwisho kujua kwamba wimbo huo ulitungwa nyumba ya tatu kutoka kwao.

Msimu wa kaskazi uliopita, wakati wa upepo wa kaskazini-mashariki, mimi na majirani sita tuliamua kuwaandalia vijana hao tamasha la siku mbili, Jumamosi na Jumapili, katika kiwanja cha wazi kilicho karibu na ufuo. Tuliuchagua msimu huo kwa sababu Januari na Februari ni miezi mikavu, ilhali mvua za masika zikianza pamoja na kusi, upepo wa kusini, hakuna chombo cha umeme kinachoweza kukaa nje. Bendi zilikuwa nne: moja ya Langoni penyewe, moja ya vijana wa Mokowe ng'ambo ya maji, moja iliyotoka Faza katika kisiwa cha Pate, na kikundi cha wazee watatu wa taarabu wenye udi, fidla na dumbaki, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakipiga barazani tu.

Hatua ya kwanza haikuwa kutafuta jukwaa. Ilikuwa kwenda kwa watu wanaolala na kuswali karibu na kiwanja kile. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mwanamke, kwa hiyo nilimwomba ami yangu anifuate, na kwa jioni tatu tukapita nyumba kwa nyumba, tukakaa na wazee barazani, tukanywa kahawa na kueleza tunachotaka. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Mzee mmoja ambaye kila mtu pale humsikiliza alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, ngoma hatuikatai. Twataka iyue wakati wake." Akanikumbusha kwamba hata matari ya Msikiti wa Riyadha, ambayo leo ni fahari ya mji mzima, hayakukubaliwa na kila mtu wakati Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi msikiti huo, alipoyaingiza katika Maulidi. Hakuwa akizilinganisha nyimbo za vijana na Maulidi, na mimi sizilinganishi. Alikuwa akiniambia kwamba mji huu unajua kuipa sauti mpya nafasi, mradi mwenye sauti hiyo abishe hodi kwanza.

Masharti waliyotupa yalikuwa matatu. Spika zinyamaze kabla ya adhana ya Magharibi, na zisiwashwe tena usiku ule. Pawepo upande wa akina mama wenye mlango wake, ili mtu aweze kuingia na kutoka kwa kichochoro bila kupita katikati ya vijana. Na atakayekuwa na mgonjwa nyumbani ajue ni nani wa kumwendea, si kutafuta mtu gizani. Katika majira yale Magharibi huingia baada kidogo ya saa kumi na mbili na nusu, na Alasiri huwa imeswaliwa kufikia saa kumi. Tulibaki basi na saa mbili kila siku, kuanzia saa kumi na robo hadi saa kumi na mbili na robo. Vijana walinung'unika sana, wakauliza nani atakayecheza muziki mchana mweupe. Niliwajibu kwamba saa mbili zilizotolewa kwa moyo mkunjufu ni bora kuliko saa sita za kuibia.

Baadaye niligundua kwamba wazee na sheria walikuwa wakisema jambo lile lile. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kiwango cha desibeli 50 mchana nje ya makazi ya watu na 35 usiku, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Tuliomba kibali cha kelele, na tukapeleka pia taarifa polisi, kwa kuwa sheria inayohusu mikutano ya hadhara hutaka taarifa ifike si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Barua yetu ilikuwa na sahihi za majirani walio karibu zaidi na kiwanja, na naamini sahihi hizo zilitufungulia milango mingi kuliko maneno yangu.

Kazi kubwa ilikuwa vyombo. Spika tulizikodi Malindi, zikaja kwa lori hadi Mokowe, na kutoka hapo ilibidi zivuke maji. Tarehe tulikuwa tumezipanga kwa kuangalia mwezi, si kalenda ya ukutani peke yake. Mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji makubwa, na wakati wa bamvua maji ya Lamu hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, kwa hiyo mashua ingeweza kusogea karibu kabisa na kiwanja tukapakua bila kubeba mizigo umbali mrefu, na usiku tungekuwa na mbaamwezi. Ijumaa alasiri mashua ilifika. Vijana waliingia majini hadi kiunoni, wakapokea kila kisanduku mabegani kikiwa kimefungwa kwa turubai, maana tone la maji ya chumvi likiingia ndani ya kipaza sauti huanza kula waya siku hiyo hiyo. Jenereta lilitoka mtaa wa Mkomani, nalo halikuweza kuingia katika shogi la punda. Tulikuwa tumelipima kwa kamba, kisha tukaipitisha kamba ile katika kichochoro tulichokusudia kukitumia, tukaona kwamba penye kona moja lingekwama kati ya kuta mbili. Tukazunguka nalo kwa mkokoteni kupitia barabara ya ufuoni. Kuta za mji huu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mji wenyewe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Hatukukubali hata msumari mmoja upigwe ukutani. Vitambaa na taa zote tulizifunga kwenye boriti za mikoko tulizozisimamisha katika mapipa ya mchanga.

Jioni ile tulijaribu sauti, na hapo ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumekosea. Tulikuwa tumeliweka jukwaa upande wa bahari likitazama mji, kwa sababu tulidhani bahari nyuma ya waimbaji ingependeza machoni. Upepo wa kaskazi ukaichukua sauti yote na kuitupa majumbani. Ilipogonga kuta ilirudi, ikawa neno moja linasikika mara mbili, na mpiga ngoma wa bendi ya Mokowe akashindwa kushika mahadhi kwa sababu alikuwa akijisikia mwenyewe akichelewa. Tulilihamisha jukwaa usiku huo huo. Mgongo wake ukawa upande wa nyumba, spika zikatazama bahari na kisiwa cha Manda, na watazamaji wakakaa katikati.

Hata hivyo sikuridhika. Asubuhi, vijana walipokuwa wakipiga kwa kujaribu, nilipita nyumba kwa nyumba pamoja na mpwa wangu. Bibi mmoja ambaye hajiwezi kitandani aliniambia, "Maneno siyasikii, mwanangu, lakini mdundo naupata hapa," akaweka kiganja kifuani. Ule ulikuwa mdundo wa besi ukipita ardhini na kupanda ukutani. Tulirudi tukaipunguza besi, kisha tukaziinua spika kubwa kutoka kwenye sakafu ya saruji na kuziweka juu ya magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi. Nilirudi kwa bibi yule, nikakaa kando ya kitanda chake, nikaweka mkono wangu ukutani. Ulikuwa umetulia. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninalolionea fahari zaidi.

Jumamosi tulianza kwa wakati. Bendi ya pili ilipofika wimbo wake wa tatu, spika zilikatika ghafla, ingawa jenereta lilikuwa likinguruma kama kawaida. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua kabla sijauona moshi. Tuliufuata waya hadi chini ya jamvi ambalo mtu alikuwa amelitandika ili watu wasijikwae, tukakuta kwamba nusu ya waya ilikuwa bado imezungushwa katika gurudumu lake, na mizunguko ile ilikuwa imepata moto hadi ikashikana. Waya mrefu unaobeba umeme mwingi hauna budi kukunjuliwa wote, hata kama unahitaji nusu tu ya urefu wake, kwa sababu ukiachwa umezungushwa joto halina pa kutokea. Jambo hilo nilikuwa nikilijua, lakini sikulikagua. Sasa hulikagua mwenyewe, kwa mkono, kabla ya jenereta kuwashwa na tena baada ya nusu saa.

Kuutafuta waya mwingine kulitugharimu dakika 25, na dakika hizo hatukuwa na pa kuzirudishia, kwa kuwa Magharibi haingesogea kwa ajili yetu. Tuliamua kila bendi ipunguze wimbo mmoja, ile ya wageni sawa na ile ya mtaani. Nilitarajia ugomvi, lakini haukutokea, nami naamini ni kwa sababu walikuwa wamekwisha kujua kwamba malipo nayo ni sawa. Juu ya malipo sina subira. Vijana hawa wamepelekwa huku na huko kutumbuiza kwa ahadi kwamba "mtajulikana", wakarudi nyumbani bila hata nauli ya mashua. Mtu anayemlipa mwenye spika, mwenye viti na mpishi, kisha akamwambia mwanamuziki kwamba umaarufu unamtosha, amemdhulumu. Sisi tulikusanya michango kwa wenye maduka na kwa wazazi, tukatenga kwanza bahasha nne zenye kiasi kilekile, na ndipo tukaangalia kilichobaki kingekodi spika za ukubwa gani. Kila bendi ilipokea bahasha yake iliposhuka jukwaani siku ya mwisho, pesa zikahesabiwa mbele yao.

Upande wa akina mama ulijaa kupita tulivyokisia, na hapo tulipungukiwa. Kivuli cha makuti kilitosha nusu yao tu, na wengine wenye watoto wachanga waliondoka mapema kwa sababu ya jua la saa kumi na moja. Safari nyingine upande huo ndio utakaotandikwa kwanza.

Lililonishangaza ni la usiku. Kwa kuwa spika zilikatazwa, tuliwaomba wazee idhini ya kukaa baada ya Isha bila umeme wowote, hadi saa nne. Walikubali. Tulitandika majamvi, kahawa ikaletwa pamoja na kashata, na wale wazee watatu wakapiga taarabu chini ya mbaamwezi. Mji huu ndio uliomzaa Zein l'Abdin, ambaye udi wake ulisikika Afrika Mashariki nzima, na bado wapo vijana wa hapa ambao hawajawahi kuusikia udi kwa ukaribu wa kuona kidole kikiteleza juu ya uzi. Usiku ule waliuona. Bila spika, mia ya watu walilazimika kunyamaza ili wasikie, nao walinyamaza. Kisha akina mama wakatoa pembe zao za vugo, na bendi ya Mokowe, iliyokuwa na gitaa moja tu la mbao, ikawafuata kwa nyuma polepole hadi ikaupata mwendo wao. Sikupata kusikia gitaa na vugo pamoja kabla ya siku ile.

Jumapili saa nne usiku tulikunja majamvi kama tulivyoahidi. Vijana wa Faza hawakuweza kuondoka, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Iliwabidi wangoje yajae tena karibu na alfajiri. Walikaa juu ya ukuta wa ufuoni, chombo chao kikiwa kimelalia ubavu mchangani. Mzee wa udi, ambaye nilidhani amekwenda kulala, alikuwa amekaa nao. Alikuwa amemshika kijana wa gitaa kidole cha pete, akikisogeza kidogo tu juu ya uzi, chini ya pale kijana alipozoea kukiweka, kisha anangoja apige, kisha anakisogeza tena.